Chemirocha, Mtu wa Reli Aliyefika Kenya kwa Santuri

Paukwa! Pakawa.

Nyinyi watoto wa Bodo mnajua kuwa chombo kikitoka kisiwani Funzi chaweza kuleta chochote: samaki, mgeni, hata habari za arusi. Mimi leo nina habari za mtu aliyefika Kenya bila kupanda chombo wala ndege, tena akiwa ameshakufa.

Aliitwa Jimmie Rodgers. Alizaliwa Marekani mwaka 1897, jimbo la Mississippi, na baba yake alikuwa mtu wa reli. Tangu utotoni aliwapelekea maji ya kunywa vibarua weusi waliokuwa wakitandaza mataruma, na hapo akanasa nyimbo zao za huzuni, hizo zinazoitwa bluzi. Alipokua, akawa mfunga breki wa treni. Kifua kikuu kikamtoa kazini. Basi akashika gitaa, na mwaka 1927 akarekodi santuri yake ya kwanza. Alikuwa na mtindo wake: katikati ya wimbo huivunja sauti, ikaruka kutoka kifuani hadi juu kabisa kooni, kisha ikarudi. Wazungu wa mashambani walisikia humo nyimbo zao, weusi wakasikia zao, na wote hawakukosea.

Ugonjwa haukumwacha. Mei 1933 alirekodi mara ya mwisho jijini New York, akawa anajilaza kitandani baina ya wimbo na wimbo, na siku chache baadaye akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 35.

Lakini santuri haifi na mwimbaji. Gramafoni ya siku hizo haikutaka umeme. Waizungusha kwa mkono, sindano inapita kwenye mifereji ya sahani, sauti inatoka. Inasimuliwa kuwa wamishonari walizifikisha santuri za Rodgers kwa Wakipsigis, kule Kericho. Fikirini: mtu haonekani, sauti yake inaruka namna ile, na gitaa linalia chini yake! Jina Jimmie Rodgers likalainishwa likawa Chemirocha. Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi ngoma na nyimbo, alipofika Kapkatet mwaka 1950 aliwakuta wasichana wakimwimba. Aliandika kwamba Chemirocha huyo walimwona kuwa nusu mtu, nusu paa, na wakimwita aje acheze nao. Na wimbo wenyewe haukupigwa kwa gitaa, ulipigwa kwa kinubi cha Kikipsigis. Kwangu mimi hapo ndipo penye utamu wote wa kisa hiki: hawakumwiga, walimfanya wao.

Huko Marekani, mbegu ya Rodgers iliota matawi mawili. Moja ni kantri, nyimbo za wachunga ng'ombe na za mapenzi yaliyovunjika. Jingine ni roki. Mwaka 1954 kijana Elvis Presley alitoa santuri yake ya kwanza, upande mmoja wimbo wa bluzi, upande wa pili wimbo wa mashambani. Mpiga gitaa wake, Scotty Moore, alikuwa ametoka kwenye bendi ya kantri. Ndiyo maana Rodgers ametunzwa kwenye nyumba za heshima za kantri na za roki pia.

Kantri haijaondoka Kenya. Mpaka leo Elvis Otieno, ajiitaye Sir Elvis, huivalia kofia pana na kuiimba, na Wakenya wengi wa bara wanamjua Jim Reeves, mwimbaji wa kantri wa Marekani, kama jirani.

Je, sisi Pwani? Sisi tulishika upepo mwingine. Fundi Konde, Mgiriama aliyezaliwa mwaka 1924, alikwenda na KAR, jeshi la wakoloni Waingereza, hadi Burma wakati wa Vita vya Pili, akiwa kwenye kikosi cha burudani. Aliporudi akawa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kupiga gitaa la umeme. Mapigo yake yana rumba ya Kyuba ndani, si kantri, nayo ilikuja kwa njia ile ile ya santuri. Aliimba kwa Kiswahili laini, bila haraka, na alifariki mwaka 2000. Mimi humweka juu ya Rodgers, lakini mimi ni mtu wa Pwani, msiniamini upesi. Mkipata simu ya mkubwa yenye bando, sikilizeni kwanza "Tausi Ndege Wangu" wa Fundi Konde, kisha mtafuteni Chemirocha, mwamue wenyewe.