Neno "Mine" na Maana Zake

Anayesoma Kiarabu hashangai kuona neno moja limebeba maana nyingi. "Ayn" ni jicho, ni chemchemi ya maji, na hata dhahabu huitwa hivyo. Kiingereza nacho kina maneno ya namna hiyo. Sisi wa Kharumwa tumeonelea tulichukue neno "mine", kwani limo katika majina ya migodi iliyo jirani nasi, Geita na Bulyanhulu.

Maana ya kwanza ni -angu. Kiswahili husema changu, langu, wangu, yangu kwa kufuata ngeli. Mwingereza hutosheka na "mine". Lakini neno hili halikai mbele ya jina. Kitabu changu ni "my book". Kitabu ni changu ndiyo "the book is mine". Anayeandika "mine book" amekosea, na kosa hili tunalisahihisha kila mwaka.

Maana ya pili ni mgodi. Maneno haya mawili si ndugu: la kwanza ni la Kiingereza cha kale, la pili limetoka Kifaransa, yamefanana tu. Basi "the mine is mine" ni sentensi sahihi, yaani mgodi ni wangu. Kwa sheria ni jambo jingine. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 imeweka madini yote ya ardhini kuwa mali ya Jamhuri ya Muungano. Mkulima akikuta dhahabu chini ya mihogo yake, mihogo ni yake, dhahabu haichimbi bila leseni.

Maana ya tatu ni bomu la kutegwa ardhini. Zamani askari walichimba chini ya kuta za ngome ili zianguke, baadaye wakatia baruti humo, ndipo jina la shimo likahamia kwenye bomu. Mabomu haya hunuswa na panya buku wanaofundishwa Morogoro, na panya hao walisaidia kuyaondoa Msumbiji hadi mwaka 2015.

Tuongeze moja. "Miner" ni mchimbaji; "minor" ni mtoto asiyefikia utu uzima. Masikioni ni neno moja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza aliye chini ya miaka 18 kuajiriwa mgodini. Wapo wenzetu tulioanza nao darasa ambao leo wako kwenye maduara na makarasha. Hao kwa Kiingereza wanaitwa kwa maneno yote mawili.