Mvi: kuzitia rangi au kuziacha?

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.). Tunaulizwa mara nyingi: mvi zikitoka, tuzipake rangi au tuziache?

Siku ya kufunguliwa Makka, mwaka wa 8 Hijria, aliletwa Abu Quhafa, baba yake Abu Bakr (R.A.), nywele na ndevu nyeupe pepe. Mtume (S.A.W.) akaamrisha zibadilishwe rangi, na nyeusi iepukwe. Ameipokea Muslim.

Wanavyuoni wengi wameifahamu amri hii kuwa ni sunna, si wajibu, kwani wako Masahaba waliopaka na walioacha. Basi anayeziacha hana dhambi. Lililokatazwa ni kuzing'oa. Anayepaka, hina inamtosha, wala rangi yake haizuii maji ya udhu.

Ama nyeusi, Imam Nawawi katika madhehebu yetu ya Shafi ameiharamisha kwa mume na mke. Wengine wamesema ni makruhu. Kumficha mchumba umri kwa rangi ni udanganyifu. Aliye katika eda ya kufiwa asijipambe kwayo. Na piko huwababua baadhi ya watu ngozi. Lenye kudhuru tuliache.

Wallahu aalam.