Mvua ya Riruta Huanzia Sumatra

Saa tatu asubuhi, kila siku ya Mungu, kuna mtu pale Dagoretti Corner anayeinua faneli ya chuma, anatoa chupa iliyo chini yake na kumimina maji kwenye gilasi nyembamba yenye alama. Anaishika gilasi usawa wa jicho, anasoma, anaandika. Hapo, kando ya Barabara ya Ngong, ndipo yalipo makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, na mkazi wa Riruta au Kawangware hufika kwa miguu. Milimita 1 anayoiandika ni lita 1 ya maji kwa kila mita ya mraba. Chumba cha mabati cha futi 10 kwa 10 kina paa la mita za mraba 9 na kitu. Mvua ya milimita 50 ikipiga usiku mmoja, paa hilo peke yake limemwaga mitungi 23 ya lita 20. Ploti yenye vyumba ishirini imemwaga mitungi zaidi ya 400, na mtaro wa kuipokea ni uleule ulioziba kwa takataka.

Ujirani huo haujaleta imani. Kila mvua za vuli zinapokaribia swali hurudi, na mara nyingi si swali bali hukumu: hawa wa hali ya hewa si waongo tu? Ushahidi unaotolewa ni mwaka 2015. Watu walionywa kuhusu El Niño kubwa, wakakumbuka mafuriko ya 1997, wakajiandaa kwa gharika. Mvua ilikuja, ila si kwa kishindo kile.

Jibu liko baharini, na ni jibu tamu. El Niño hutokea Pasifiki, mbali sana na Ngong. Bahari inayoamua zaidi mvua za vuli za Nairobi ni ya Hindi, nayo hufanya kazi kama mzani wa sahani mbili. Sahani moja iko magharibi, mbele ya pwani ya Afrika Mashariki, na visiwa vya Shelisheli vimo ndani yake. Nyingine iko mbele ya kisiwa cha Sumatra, Indonesia. Miaka mingi, upepo wa ikweta husukuma maji ya moto kuelekea Indonesia. Hewa hupanda huko, mvua hunyesha huko, kisha hewa hiyo ikiwa imekauka hushuka upande wetu na kuyazuia mawingu yasikue.

Kuna mwaka upepo hugeuka. Huvuma kwa nguvu kutoka Sumatra, ukayasukuma maji ya juu mbali na pwani, na maji baridi ya kilindini yakapanda kujaza nafasi. Baridi hiyo hudhoofisha mawingu ya huko na kuongeza shinikizo la hewa. Shinikizo likiongezeka, upepo wa kuja huku huzidi. Upepo ukizidi, maji baridi hupanda zaidi. Jambo linajilisha lenyewe. Huku kwetu maji ya moto hurundikana, hutoa mvuke, na hewa hiyo nyevu huvutwa bara hadi ikakutana na miinuko na kumwaga. Wanasayansi Saji, Yamagata na wenzao waliueleza mzani huu katika jarida la Nature mwaka 1999, wakauita dipoli ya Bahari ya Hindi.

Sasa irudiwe ile miaka. Mwaka 1997 El Niño ilikuja na mzani ukalala sana upande wetu. Mwaka 2015 El Niño ilikuwa kubwa, lakini mzani haukulala kama 1997. Mwaka 2019 hakukuwa na El Niño kubwa, ila mzani ulilala kupita kiasi, na Novemba ile milima ya Pokot Magharibi ikaporomokea watu. Mwishoni mwa 2023 ulilala tena: tarehe 7 Desemba kisiwa cha Mahé, Shelisheli, kilipata mafuriko na maporomoko ya ardhi yaliyoua watu.

Kwa hiyo utabiri wa msimu hutolewa kwa uwezekano. Wataalamu wa ukanda huu wamekuwa wakikutana kuuandaa tangu 1998, na kituo kinachowaunganisha, ICPAC, kiko Ngong. Wakisema kuna uwezekano wa asilimia 60 wa mvua kupita wastani, maana yake katika misimu kumi ya aina hiyo, kama sita hivi itapita na kama minne haitapita. Minne hiyo si uongo. Wala utabiri wa msimu hauwezi kusema ni usiku gani mtaa wa Gatina utafurika. Kazi hiyo ni ya utabiri wa siku chache. Masika nayo ni magumu zaidi kutabiri, kwa sababu kufikia Machi mzani huwa umeshatulia.

Wanaostahili kuitwa waongo wapo, na si wapimaji wa Dagoretti Corner. Ni wale wanaosambaza kila mwaka ule ujumbe wa WhatsApp kwamba Julai ni baridi kwa sababu dunia imelikimbia jua, na kwamba watu wataugua. Umbali wa dunia na jua hubadilika kutoka kilomita milioni 147 hadi 152 tu, na Julai hiyohiyo Ulaya huwa katika kiangazi. Baridi ya Nairobi huletwa na hewa ya kusini na mawingu mazito ya chini. Ni wale pia wanaotembeza chupa za mizizi kuwa “kinga ya kipindupindu”, na wanaouza antibiotiki vidonge viwili viwili bila kupima mtu. Hao wanaua.

Kipindupindu hakishuki na mvua. Huingia kwenye bomba. Mitaani mipira ya maji hupita ndani ya mitaro, na ina nyufa. Maji yakikatwa, shinikizo hushuka na mpira hufyonza kinachouzunguka. Mvua ikiwa imefurisha vyoo, kinachouzunguka ni kinyesi. Maji yakirudi, kinyesi hicho huja nayo hadi kwenye mtungi. Huenda yasiwe na rangi wala harufu.

Utabiri nao husaidia ukieleweka. Mradi wa DARAJA, uliofanyika Kibera na Dar es Salaam, ulichukua utabiri wa idara na kuuandika upya kwa lugha ambayo mama mboga anaielewa. Watu walipouelewa walizibua mitaro na kukarabati mapaa kabla ya mvua. Yaliyobaki ni machache: maji yachemshwe au yatiwe klorini, hata ya bomba. Anayehara maji maji aanze papo hapo chumvi na sukari (lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya usawa) huku akipelekwa hospitalini, si kwa muuza mizizi. Na aliyejenga kando ya mto Motoine, Kibera, asingoje wingu lifike juu ya paa lake. Kukinyesha Dagoretti, maji yapo njiani.