Utitiri Haujui Chinsoni

Katika boma la Wagusii kuna milango ambayo mwenye boma mwenyewe haipiti. Mwanawe akishaoa na kuwa na nyumba yake, baba haingii humo. Akiwa na neno humwita nje, wakazungumza uani. Hiyo ni sehemu ya mfumo wa heshima uitwao chinsoni, unaopanga nani aketi wapi na neno gani lisitamkwe mbele ya nani. Mwanaanthropolojia Robert LeVine, aliyefanya utafiti Gusii katikati ya miaka ya 1950, aliueleza kwa kirefu, na bado unaukuta katika kaunti za Kisii na Nyamira nchini Kenya, hata penye nyumba za matofali na runinga sebuleni.

Kuku hawaujui. Kuku wa mke wa mwana huparua uani kwa mamamkwe, hutaga jikoni kwa mke mwenza, na jioni hurudi kwao na abiria. Abiria hao ni utitiri.

Utitiri ni jamaa ya kupe na buibui. Ule mwekundu, unaowasumbua wafugaji karibu kote duniani, mchana hujificha kwenye nyufa za ukuta, chini ya kiota na katika mafundo ya kamba, na usiku hutoka kunyonya damu ya kuku anayeatamia. Penye joto, yai lake huweza kuwa utitiri mzima kwa muda wa wiki moja hivi. Kibaya zaidi ni subira yake: kibanda kikiachwa kitupu huweza kukaa humo miezi kadhaa bila kula. Kwa hiyo anayempaka kuku dawa na kumrudisha kwenye kiota kilekile hajafanya kitu.

Kazi ya kupambana nao imekuwa ya wanawake, na sababu iko katika mgawanyo wa mali. Ng'ombe walikuwa wa wanaume. Mahari ililipwa kwa ng'ombe, na zamani vijana waliwalinda katika kambi zilizoitwa ebisarate, hadi serikali ya kikoloni ilipozivunja mwanzoni mwa karne ya 20. Kuku walibaki jikoni kwa mama, wakilala ndani ya tenga au pembeni mwa meko, na fedha ya mayai ikanunua chumvi, sabuni na kalamu za shule. Kupe wa ng'ombe alijengewa majosho na kutumiwa maofisa wa mifugo. Utitiri wa mama haukujengewa chochote, na sidhani ilikuwa kwa bahati mbaya.

Mama akabaki na alivyo navyo: majivu, jua na moto. Nyasi za kiota kuukuu huchomwa, hazitupwi shambani. Tenga huanikwa juani kutwa. Sakafu ya udongo hukandikwa upya ili nyufa zizibwe, kisha majivu makavu hunyunyizwa kwenye kiota na mahali kuku wanapooga vumbi. Majivu hukwaruza ngozi laini ya mdudu na kumkausha, na kuku akijigaragaza humo hujitibu mwenyewe. Wengine hutandika chini ya mayai matawi ya Tagetes minuta, lile gugu la harufu kali linaloota kila shamba lililolazwa.

Ugumu wenyewe uko katika kusema. Mke wa mwana atamwambiaje mamamkwe kwamba utitiri umetoka kwake? Kusafisha nyumba moja peke yake ni kazi bure, kwa kuwa kuku ni wa uani wote. Na kumnyooshea kidole mkwe ni kuvunja heshima. Hapo ndipo desturi yenyewe inapotoa njia. Chinsoni hubana kati ya wazazi na watoto wao, lakini bibi na mjukuu wana ruhusa ya kutaniana. Mtoto anaweza kusema, "Magokoro, utitiri wa kuku wako umeniuma usiku kucha," bibi akacheka, na asubuhi tenga zote zikatolewa nje siku moja. Ujumbe umefika, na hakuna aliyemshtaki mwenzake.

Mbali na Gusii wapo watu wanaopata taabu hiyohiyo kwa mifugo midogo zaidi. Ulaya na Asia kuna wanaofuga sisimizi nyumbani, ndani ya mirija na masanduku ya kioo, na Wakenya wengi walilijua hilo mwaka 2025, pale vijana wawili wa Ubelgiji walipokamatwa Naivasha na malkia wa sisimizi wapatao 5,000. Tarehe 7 Mei mahakama ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta iliwatoza wao, raia mmoja wa Vietnam na Mkenya mmoja, faini ya shilingi milioni 1 kila mmoja au kifungo cha miezi 12. Waliotafutwa sana walikuwa Messor cephalotes, sisimizi wakubwa wavunaji mbegu.

Malkia aliyechimbuliwa porini mara nyingi huja na utitiri mwilini. Si wote wenye madhara: wengine hupanda tu ili wafike mbali, na huko Amerika ya tropiki kuna mmoja, Macrocheles rettenmeyeri, anayeng'ang'ania mguu wa siafu hadi siafu anautumia kama wayo wake. Utitiri unaoganda mwilini na kuongezeka kila siku ndio wa kuogopwa. Wafugaji hao hufanya nini? Huhamishia kundi kwenye mrija mpya, huondoa mabaki ya chakula, hupunguza unyevu, na mgeni humtenga kwanza. Baadhi huingiza utitiri mwingine unaokula utitiri. Mama wa Nyamira angewaelewa bila mkalimani.

Yeye na wafugaji wa sisimizi wangetengana kwenye pareto tu. Kisii na Nyamira ziliwahi kuwa miongoni mwa maeneo makuu ya zao hilo, kabla wakulima hawajalikimbia kwa kucheleweshewa malipo. Unga wake huua utitiri bila kumdhuru kuku ukitumiwa ipasavyo, lakini katika sanduku la sisimizi ungemaliza mgonjwa pamoja na ugonjwa. Inauma kuona mkulima aliyeng'oa pareto yake akinunua dukani kopo la dawa iliyotengenezwa viwandani kwa kuiga nguvu ya ua hilohilo.

Leo uani umebanwa. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita ya mraba katika kaunti ya Kisii, na kuku wa nyumba tatu hulala hatua chache kutoka kwa wenzao. Vijana wanaofuga kuku mia kwenye kibanda cha mabati hukimbilia dawa kwanza na usafi baadaye. Nadhani wamepindua mpangilio. Basi ukinunua kuku soko la Keroka au Daraja Mbili, usimwachilie uani siku hiyo. Mfungie peke yake wiki mbili, mwangalie chini ya mabawa na kuzunguka mkundu, choma nyasi alizolalia, ndipo umchanganye na wenzake. Na ukiukuta utitiri, waambie nyumba zote za boma kabla ya kununua chochote; kama huwezi kusema mwenyewe, mtume mjukuu.