Msimbo Si Jina la Kipuri: Uchunguzi wa Hitilafu ya Taiming ya Kamshafti na Lugha ya Ujumbe wa Kiufundi

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna msimbo wa hitilafu P0016, unaohusu krenkshafti na kamshafti kutopatana, unavyochunguzwa katika injini ya petroli. Hoja kuu ni kwamba msimbo huu hutaja uhusiano wa vitu viwili, ilhali namna ujumbe wake ulivyoundwa kwa Kiingereza humfanya msomaji auchukulie kama jina la kipuri kilichoharibika. Mfano unaotumika ni injini ya Toyota aina ya 1NZ-FE, ambayo imeenea katika magari yaliyotumika yanayoingizwa Afrika Mashariki. Makala yanapendekeza kwamba majedwali ya misimbo kwa Kiswahili yaandikwe kwa sentensi zenye kitenzi, na kwamba kauli ya kutendana itumike pale ambapo hitilafu ni ya uhusiano.

1.0 Utangulizi

Taa ya injini inapowaka kwenye dashibodi, mwenye gari humwendea fundi. Fundi huchomeka mashine ya kusomea misimbo, nayo huonyesha herufi moja, tarakimu nne na maelezo mafupi. Kuanzia hapo uamuzi wa gharama hutegemea usomaji. Fundi akielewa kwamba sensa imeharibika, atanunua sensa. Taa ikiwaka tena baada ya siku chache, atanunua ya pili, na pengine kompyuta ya injini itashukiwa pia. Wakati huo cheni iliyolegea inaendelea kulegea. Katika injini nyingi, cheni ikiruka meno ya kutosha, pistoni hugonga valvu, na matengenezo yaliyokuwa madogo hugeuka kuwa ununuzi wa injini nyingine.

Tatizo hili lina pande mbili. Upande wa ufundi unadai mpangilio wa hatua. Upande wa lugha unadai kuulizwa ni nini hasa kilichosemwa na mashine. Makala haya yanashughulikia pande zote mbili, kwa kuwa mpangilio sahihi wa hatua hutokana na usomaji sahihi wa ujumbe.

2.0 Maana ya taiming katika injini

Injini ya mipigo minne hufanya kazi kwa kuvuta hewa na mafuta, kuvibana, kuviwasha na kutoa moshi. Krenkshafti hugeuza mwendo wa pistoni wa kupanda na kushuka uwe mzunguko. Kamshafti hufungua valvu za kuingiza hewa na za kutoa moshi. Mipigo yote minne huchukua mizunguko miwili ya krenkshafti, yaani nyuzi 720, na katika muda huohuo kamshafti huzunguka mara moja tu. Viungo hivi viwili huunganishwa kwa cheni au mkanda. Uhusiano wake unafanana na ule wa akrabu ya dakika na akrabu ya saa: kila moja ina kasi yake, lakini ukiijua nafasi ya moja unajua nyingine inapaswa kuwa wapi.

Katika injini ya 1NZ-FE uhusiano huo si wa kudumu kabisa. Mfumo wa VVT-i, ambao Toyota ilianza kuutumia katikati ya miaka ya 1990, huisogeza kamshafti ya valvu za kuingizia hewa mbele au nyuma kidogo kulingana na kasi na mzigo wa injini. Kinachoisogeza ni shinikizo la oili, linaloelekezwa na valvu ya umeme inayoamriwa na kompyuta. Kwa hiyo oili katika injini hii hulainisha vyuma na pia hupanga wakati wa valvu kufunguka. Jambo hili lina uzito mkubwa katika uchunguzi, kama itakavyoonekana katika sehemu ya nne.

Kompyuta hujua nafasi ya kila shafti kupitia sensa. Sahani ya meno iliyo kwenye krenkshafti imegawanywa katika nafasi 36, kila moja ya nyuzi 10, lakini mbili zimeachwa wazi, hivyo meno yaliyopo ni 34. Pengo hilo ndilo alama ya kuanzia kuhesabu. Kamshafti ina sahani yake yenye meno machache. Kompyuta hulinganisha mapigo ya sensa hizo mbili. Ikiona kwamba tofauti kati yake imevuka mpaka uliowekwa, huandika msimbo P0016.

3.0 Asili ya msimbo na kile usichokisema

Mfumo wa misimbo sanifu ulitokana na sheria za kudhibiti moshi wa magari. Nchini Marekani ulikuwa wa lazima kwa magari mapya ya kuanzia toleo la mwaka 1996, na katika Umoja wa Ulaya kwa magari mapya ya petroli kuanzia mwaka 2001. Herufi P huonyesha kwamba hitilafu iko katika injini au mfumo wa kupeleka nguvu kwenye magurudumu. Sifuri inayofuata huonyesha kwamba msimbo ni wa kiwango cha pamoja, haukubuniwa na kiwanda kimoja.

Asili hii inaeleza mipaka ya msimbo. Shabaha yake ni kutoa taarifa kwamba jambo fulani limetoka nje ya kiwango na linaweza kuongeza moshi. Kutaja kipuri cha kununua hakumo katika shabaha hiyo. P0016 husema kwamba taarifa mbili zimepokelewa na hazipatani. Sababu inaweza kuwa oili chafu, valvu ya VVT-i iliyokwama, cheni iliyorefuka, kikaza cheni kilichochoka, sahani ya meno iliyopinda, au fundi aliyetangulia kufunga cheni bila kulinganisha alama.

4.0 Hatua za uchunguzi

4.1 Kusoma msimbo pamoja na majirani wake

Hatua ya kwanza ni kuandika misimbo yote kabla ya kuifuta, pamoja na kumbukumbu ya hali ya injini wakati hitilafu ilipotokea: kasi, joto na mzigo. Kuifuta mapema ni kupoteza ushahidi. Msimbo P0335 ukiwepo, mkondo wa sensa ya krenkshafti una kasoro. P0340 husema hivyo kuhusu sensa ya kamshafti. Misimbo hiyo hushughulikiwa kwanza. Lakini P0016 ikiwa peke yake, mantiki inageuka. Ili kompyuta itambue kwamba taarifa mbili hazipatani, sharti iwe imezipokea zote mbili. Sensa zote zinazungumza. Hapo kuanza kwa kubadilisha sensa ni kuanza mahali penye uwezekano mdogo.

4.2 Oili

Hatua ya pili haihitaji kipuri chochote. Kiwango cha oili hupimwa kwa kijiti chake, na hali yake huangaliwa. Oili iliyopitisha muda huacha tope linaloziba njia nyembamba za VVT-i. Uzito wake pia huulizwa. Injini hii imekusudiwa oili nyepesi kama 5W-30, lakini katika masoko yetu oili nzito ya 20W-50 hupatikana kwa wingi na huchaguliwa kwa imani kwamba inalinda injini iliyozeeka. Oili nzito huchelewa kupita katika njia hizo, hasa injini ikiwa baridi, na kamshafti inaweza kuchelewa kufika mahali kompyuta ilipoiamuru.

4.3 Valvu ya oili ya VVT-i

Valvu hii hupimwa kwa namna mbili. Kwanza, injini ikiwa inanguruma bila kukanyagwa, valvu hupewa umeme kwa amri ya mashine. Ikiwa mfumo ni mzima, injini hutetemeka au huzimika, kwa sababu kamshafti imesogezwa mbele wakati usiofaa. Ikiwa hakuna kinachobadilika, valvu imekwama, haipati umeme, au oili haifiki. Pili, ukinzani wa koili yake hupimwa. Katika injini hii unatarajiwa kuwa kati ya omu 6.9 na 7.9 kwenye joto la nyuzi 20 za Selsiasi. Chujio dogo la valvu hiyo lisafishwe, kwani huweza kuziba hata pale chujio kuu la oili linapobadilishwa kwa wakati.

4.4 Cheni na alama zake

Oili na valvu zikithibitika kuwa nzima, ndipo injini hufunguliwa. Krenkshafti huzungushwa hadi pistoni ya silinda ya kwanza ifike juu kabisa, kisha alama za gia hulinganishwa. Hesabu rahisi inaonyesha uzito wa kosa dogo: gia ya krenkshafti yenye meno 18 ikirukwa jino moja, kosa ni nyuzi 20 za krenkshafti. Dalili za awali zipo pia. Mlio wa cheni injini inapowashwa asubuhi, na historia ya kufunguliwa kwa kichwa cha silinda siku za karibuni, ni habari ambazo mwenye gari anazo na mashine haina. Kumhoji ni sehemu ya kipimo.

4.5 Waya, sensa na kompyuta

Vitu vinavyobadilishwa kwanza kwa pupa ndivyo vinavyostahili kuja mwisho. Palipo na osiloskopu, mapigo ya sensa mbili huonyeshwa pamoja na kulinganishwa na yale ya injini nzima ya aina ileile. Njia hii huweza kuonyesha kosa la cheni bila kufungua injini.

5.0 Lugha ya ujumbe

Ujumbe wa Kiingereza wa P0016 ni mfuatano wa nomino usio na kitenzi. Nomino inayobeba maana, yaani ile ya uwiano, imefichwa katikati, na neno la mwisho ni sensa pamoja na herufi yake. Msomaji asiyeimudu lugha hiyo hushika neno analolitambua, na neno hilo ni jina la kitu kinachouzwa dukani. Upungufu haupo katika istilahi, kwani maneno kamshafti, krenkshafti, sensa, valvu na cheni yako hai katika gereji. Kinachokosekana ni sentensi.

Kiswahili kina nyenzo inayofaa hapa, nayo ni kauli ya kutendana, ambayo hudai washiriki wawili. Hata hivyo, uchaguzi wa kitenzi unahitaji uangalifu. Hazilingani huweza kudokeza kwamba shafti mbili zilipaswa kuwa sawa, jambo lisilo kweli. Hazioani huibua maana ya ndoa kabla ya ile ya ufundi. Hazipatani inaeleza vyema taarifa mbili zinazokinzana. Tunapendekeza ujumbe ufuatao:

P0016: Nafasi ya krenkshafti na nafasi ya kamshafti hazipatani, kama zilivyosomwa kupitia sensa A.

P0011: Kamshafti A inatangulia kupita kiasi.

P0012: Kamshafti A inachelewa kupita kiasi.

Katika muundo huu sensa imehamishwa kutoka nafasi ya mtuhumiwa hadi nafasi ya shahidi. Swali la kwanza la fundi linakuwa: kwa nini hazipatani? Swali hilo ndilo linalofungua hatua za sehemu ya nne.

6.0 Hitimisho na mapendekezo

Magari yaleyale hushushwa katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa, kisha huendelea hadi Kampala, Kigali, Bujumbura na Lubumbashi. Mafundi wengi wanaoyahudumia wanaelewana kwa Kiswahili, ilhali mashine huwasemesha kwa Kiingereza au Kifaransa. Mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kwa kushirikiana na vyombo kama BAKITA, iandae jedwali la misimbo sanifu kwa sentensi kamili. Pili, jedwali hilo lijaribiwe gerejini kabla ya kuidhinishwa: fundi asome ujumbe, kisha aulizwe angeanza na hatua gani. Ujumbe unaomwelekeza dukani kabla ya kipimo urudishwe kwa waandaaji. Tatu, vyuo vya ufundi stadi vitahini mpangilio wa uchunguzi, badala ya kutahini majina ya vipuri pekee.

Kipimo cha tafsiri ya kiufundi ni kile ambacho mkono wa msomaji unafanya baada ya kusoma. Kwa fundi aliyepata P0016, mkono huo unapaswa kuanza kwa kuchomoa kijiti cha oili.