Dayalisisi Si Kifungo cha Maisha

"Daktari, mkishamuunganisha na mashine, si ndiyo hatoki tena?"

Nimechoka na swali hili. Linatoka kwa ndugu wa mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa dharura wa aota, na likiambatana na kukataa kutia sahihi, linaua. Mtu amenusurika kuchanika kwa mshipa mkubwa kuliko yote mwilini, halafu moyo wake unasimama kwa sababu ya potasiamu iliyorundikana baada ya figo kushindwa, ambayo saa chache za dayalisisi zingeiondoa.

Figo hupokea takriban moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo. Aota ikichanika, mpasuko unaweza kushuka hadi kwenye matawi yanayozilisha. Presha huporomoka, na mpasuaji hulazimika kubana mshipa au kusimamisha mzunguko wa damu kwa muda. Ndiyo maana figo huumia kwa wagonjwa wengi wa upasuaji huu. Wanaohitaji dayalisisi ni wachache kati yao.

Imani kwamba mashine haina kutoka inatokana na kile watu wanachokiona mtaani. Jirani mwenye kisukari na presha anakwenda kusafishwa damu mara tatu kwa wiki mpaka anazikwa. Lakini figo za jirani huyo zilikuwa zikifa kwa miaka, na mashine ililetwa zilipokwisha. Watu wameuacha ugonjwa wakaishtaki tiba. Figo za mgonjwa wetu zilikuwa zikifanya kazi juzi. Zimekosa damu, zimezimia. Chembe za vijirija vyake huweza kuota upya kwa siku au wiki kadhaa, na mashine hushika zamu wakati huo. Haizitii uvivu.

Daktari Willem Kolff alipoiunda mashine ya kwanza huko Uholanzi, wakati wa Vita Kuu ya Pili, alitaka kumvusha mgonjwa mpaka figo zake ziamke. Mwaka 1945 akampata wa kwanza kupona: mama wa miaka 67, aliyekuwa amepoteza fahamu. Alizinduka, figo zikarudi kazini, akaishi miaka mingine bila mashine. Dayalisisi ya kudumu haikuwezekana mpaka 1960, Belding Scribner wa Seattle alipobuni mrija wa kuachwa mkononi. Kazi ya muda ndiyo iliyotangulia.

Mnataka mfano wa aota yenyewe? Michael DeBakey wa Houston, mmoja wa waasisi wa upasuaji wa aota iliyochanika, alifanyiwa upasuaji huo mwaka 2006 akiwa na miaka 97. Figo zilishindwa, akawekwa kwenye dayalisisi. Mwaka huohuo alirudi nyumbani, kisha kazini, akaishi hadi 2008.

Wapo ambao figo hazirudi, hasa waliokuwa na ugonjwa wa figo tangu zamani au ambao mshipa wa figo umeziba. Hao wasingekuwa hai bila mashine. Wala sisi hatuikimbilii: utafiti mkubwa wa kimataifa uliochapishwa 2020 ulionyesha kwamba kuianza mapema bila sababu ya haraka hakuokoi maisha zaidi. Tukisema ni leo, basi potasiamu imepanda, au mapafu yamejaa maji, au asidi imezidi kwenye damu. Kikao cha ukoo kisisubiri shangazi afike kutoka mkoani.

Sasa ya kufanya. Ulizeni mkojo wa kila saa ni kiasi gani, na kama damu inafika kwenye figo zote mbili. Msimnyweshe maji kwa siri eti yasafishe figo; asipokojoa, yanaishia mapafuni. Diklofenaki na ibuprofeni marufuku, na dawa za mitishamba vilevile. Akitoka, dawa za presha kila siku, maana aota iliyoshonwa bado ni dhaifu. Kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, ipimwe tena baada ya miezi mitatu, hata akijiona mzima. Akiwa bado yuko kwenye mashine wakati huo, hapo ndipo tukae tuzungumze habari ya dayalisisi ya kudumu au kupandikizwa figo.