Kinu cha kahawa cha kale si chuma chakavu

Kinu cha mkono cha kusagia kahawa ni miongoni mwa vyombo vinavyofikia mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu kabla mwenyewe hajajua anauza nini. Si ajabu kukikuta katika maeneo ya Naivasha na Nakuru, ambako walowezi wa Kizungu walimiliki mashamba makubwa kabla Kenya haijapata uhuru mwaka 1963. Kahawa ilistawi zaidi pande za Solai na Subukia kuliko kwenye majivu makavu ya volkano ya Olkaria, lakini kinu kilihitajika popote palipokuwa na mnywaji.

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kwamba ni cha kahawa. Mashine ya kusaga nyama ina parafujo nene ndani na sahani yenye matundu mdomoni. Ya mahindi ina sahani mbili pana zinazosuguana. Cha kahawa huwa na koni ndogo yenye meno, inayozunguka ndani ya pete yenye meno pia, pamoja na skrubu ya kuamua unga uwe laini au wa chenga. Aghalabu kuna kidroo cha kupokea unga.

Baada ya hapo hutafutwa jina. Archibald Kenrick wa West Bromwich, Uingereza, alipata hataza ya kinu cha kahawa mwaka 1815, na vinu vya kampuni yake ni visanduku vya chuma vyenye kibati cha shaba ya njano. Spong ya London, iliyoanzishwa mwaka 1856, iliweka jina lake kwenye chuma chenyewe. Peugeot ya Ufaransa, inayojulikana leo kwa magari, ilianza kutengeneza vinu vya kahawa mwaka 1840. Alama ya umbo la almasi kwenye bidhaa ya Uingereza huonyesha mchoro uliosajiliwa kati ya 1842 na 1883. Kuanzia 1884 ziliandikwa herufi Rd na namba. Hiyo ni tarehe ya usajili wa mchoro tu, kwani kiwanda kiliweza kuendelea kutoa kinu kilekile kwa miaka mingi.

Olkaria ina tatizo lake la pekee. Mvuke wa ardhini, unaozalisha umeme huko tangu mwaka 1981, huja na gesi ya haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya mayai viza. Gesi hiyo huifanya shaba kuwa nyeusi, hata kibati cha jina kikafanana na rangi iliyoungua. Wengi hukisugua kwa msasa, na maandishi huondoka pamoja na weusi. Kitambaa laini na maji ya ndimu hutosha, mradi kibati kisuuzwe na kukaushwa mara moja.

Kinu kilicho kizima chaweza kurudi jikoni kusaga pilipili manga, iliki au tangawizi iliyokauka kabisa. Kutu kwenye meno hulowekwa katika siki kwa saa chache, kisha husuguliwa kwa brashi ya waya. Mchele mkavu husagwa na kutupwa hadi unga utoke mweupe.

Hapa pana hatari isiyofaa kupuuzwa. Rangi za zamani mara nyingi zilikuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa watoto. Ikiwa rangi inabanduka mahali panapopita chakula, kinu kisitumike kwa chakula tena, wala rangi hiyo isikwanguliwe ikiwa kavu, kwa kuwa vumbi lake ndilo baya zaidi.

Kilichoshindwa kusaga hufaa kuwa kitako cha taa ya mezani. Fundi apitishe waya katika tundu la mpini badala ya kutoboa chuma upya, na kwa kuwa mwili wote hupitisha umeme, waya wa ardhi ni lazima.